The Fast Show: uzoefu wangu, na jinsi ya kukitazama ili kikuingie

The Fast Show, kipindi cha vichekesho vifupi vifupi cha televisheni ya Uingereza, nakipa nyota tano, lakini kwa sharti moja: ukitazame kwa mpangilio wake, tangu msimu wa 1994, sehemu nzima nzima. Wengi wanaokilaumu wamekutana nacho kupitia vipande vilivyokatwakatwa na kupandishwa mtandaoni. Wanamwona mzee anasema sentensi moja, anaondoka, halafu wanauliza kicheko kiko wapi. Swali lao ni la haki. Kicheko cha kipindi hiki hakimo ndani ya kipande kimoja. Kimo katika kurudi kwa mhusika yule yule mara ya tatu, ya sita, ya kumi, na katika kile kinachotokea siku anaporudi akiwa tofauti.

Kilirushwa na BBC2 mwaka 1994, kikarudi 1996 na 1997, kisha kikaagana na watazamaji kwa sehemu tatu mwishoni mwa 2000. Waasisi wake ni Paul Whitehouse na Charlie Higson, marafiki waliowahi kuishi kwa kupiga plasta na kupaka rangi nyumba za watu kabla ya kuandikia televisheni. Walikuwa wakimwandikia mchekeshaji Harry Enfield, na wazo la kipindi chao lilitokana na mkanda wa matangazo. Produza Geoffrey Perkins aliunganisha vipande vifupi vya kipindi cha Enfield ili waandishi wa habari waonjeshwe, na wale wawili walipouona wakagundua kwamba ule mkato wa haraka unatosha kusimama wenyewe kama kipindi.

Ukilijua hilo, umbo lake halitakusumbua. Vichekesho vingi vya Uingereza vya kabla yake vilikuwa na utangulizi, kisa, na pigo la mwisho, na mara nyingi pigo lenyewe lilikuwa dhaifu. Mtazamaji alisubiri dakika nne akaambulia kidogo. Hapa utangulizi umetupwa. Mhusika anaingia, anatoa kibwagizo chake, yaani ile sentensi anayoirudia kila mara, picha inakatwa, tuko kwingine. Vipande vingine haviendi hata nusu dakika, na vichache tu huachwa virefu. Kwa hiyo usitafute kisa. Tafuta nani amerudi.

Kila mhusika mzuri wa The Fast Show hupitia hatua tatu. Kwanza unatambulishwa: unaona tabia yake na kusikia kibwagizo, na mara nyingi hapo hucheki sana. Pili anakuwa mazoea: mahali panabadilika, watu wanabadilika, yeye habadiliki, na sasa unaanza kucheka kabla hajafungua mdomo kwa sababu unajua kinachokuja. Tatu waandishi wanavunja walichokijenga: kibwagizo kinachelewa, au kinasemwa na mtu mwingine, au kinasemwa kwa maana ambayo hukuitarajia. Mwenye kutazama hatua ya tatu bila zile mbili za kwanza haoni kitu. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio.

Mfano bora kuliko wote ni Ted na Ralph. Ralph, anayechezwa na Higson, ni bwana mwenye shamba kubwa na jumba la kurithi. Ted, anayechezwa na Whitehouse, ni Mwairishi mtu mzima anayemtunzia shamba hilo. Ralph anampenda Ted na hana namna ya kulisema. Anamfuata pale anapofanya kazi, anazungukazunguka maneno, anauliza kuhusu muziki au anatoa mwaliko wa ajabu, na Ted anajibu kwa adabu kwamba hayo yeye hayajui, kisha anarudi kwenye habari ya mtaro wa maji katika shamba la chini. Ndiyo yote. Lakini tazama jinsi kipande kinavyoachwa kipumue. Katika kipindi kinachokimbia hivi, Ted na Ralph hupewa ukimya, na ukimya huo ndio unaobeba kila kitu: macho ya Ted yanaonyesha kwamba ameelewa muda mrefu uliopita na hajui pa kuyaweka hayo aliyoyaelewa. Vipande hivi vilikuwa na mkono wa Graham Linehan na Arthur Mathews, waandishi wa Ireland, na inasikika katika usemi wa Ted. Kuna kimoja cha baadaye ambamo Ralph anaingia baa kumpa Ted habari kwamba mke wa Ted amefariki, na wanaume waliomo wanamvuta ndani ya mchezo wao wa kunywa pombe wenye masharti lukuki. Ukikitazama peke yake utaona vurugu. Ukikitazama baada ya kuwafuata hawa wawili tangu mwanzo, utacheka na kuumia kwa wakati mmoja, na sijui kipindi kingine cha vichekesho vya aina hii kinachofanya hivyo vizuri zaidi.

Karibu nao kwa ubora ni Rowley Birkin, wakili mstaafu mwenye cheo cha heshima, anayekaa kwenye kiti kando ya moto akisimulia mambo yake ya zamani. Huwezi kumsikia. Si kosa la spika zako wala la Kiingereza chako. Whitehouse anamumunya maneno kwa makusudi, na katika kila sentensi tano unapata neno moja moja lililo wazi, la ajabu, lisilohusiana na lile la kabla yake. Mwishoni anatamka bila kukosea kwamba alikuwa amelewa sana, sana. Usirudishe nyuma ukitafuta ulichokosa, hakipo. Nasema hivi kwa sababu mtazamaji asiye mzawa wa lugha ndiye anayejilaumu hapa bure, wakati Waingereza wenyewe hawasikii. Na mzee huyu naye ana hatua yake ya tatu: katika kipande kimoja cha mwisho masimulizi yake yanamgeukia mwanamke aliyempenda na kumpoteza, na kile kibwagizo cha ulevi kinatoka kama maneno ya mtu anayejificha nyuma yake. Whitehouse habadilishi hata neno. Anabadilisha sauti tu.

Jambo la kuzoea mapema ni kwamba sura ni zile zile. Whitehouse peke yake ni Ted, ni Rowley Birkin, ni Unlucky Alf, ni mchambuzi wa mpira Ron Manager, ni mmoja wa mafundi suti, ni mchekeshaji wa zamani Arthur Atkinson. Mtazamaji mpya hudhani ni mtu mmoja anayeendelea na kisa kimoja. Shika mavazi na mahali, usishike sura: kofia na mtaa wa kaskazini ni Alf, kiti na moto ni Birkin, tepe ya kupimia shingoni ni fundi. Kundi lililobaki ni Simon Day, Mark Williams, John Thomson, Arabella Weir na Caroline Aherne. Williams utamtambua ikiwa umeona filamu za Harry Potter, maana ndiye Arthur Weasley. Aherne alikuwemo katika misimu miwili ya kwanza tu, na pengo lake msimu wa tatu linaonekana. Alifariki mwaka 2016.

Kama Kiingereza chako ni cha shuleni na lafudhi za mitaani zinakupiga chenga, anza kuwazoea wale wasiohitaji lugha. Wa kwanza ni Chanel 9, kituo cha televisheni cha nchi ya kubuni iliyo mahali fulani kusini mwa Ulaya. Wanazungumza lugha ya uongo yenye milio ya Kihispania, Kiitaliano na Kigiriki, kwa hiyo Mwingereza na Msukuma wako sawa mbele yake. Ndani yake wanachomeka majina halisi bila sababu: Chris Waddle, winga wa Uingereza aliyepaisha penalti kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 1990, na Boutros Boutros-Ghali, Mmisri aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati kipindi kinaanza. Caroline Aherne anasoma hali ya hewa, na kila mji kwenye ramani ni "Scorchio!", yaani jua linachoma. Subiri ile siku ramani inapoleta kitu kingine. Wa pili ni Unlucky Alf, mzee wa peke yake anayekueleza kwa utulivu baya atakalopata hivi punde, halafu linampata, tena kwa ukubwa zaidi ya alivyosema. Wa tatu ni Competitive Dad wa Simon Day, baba anayewashinda watoto wake wadogo katika kila mchezo kwa nguvu zake zote, kriketi ya uani ikiwemo, bila kuwaachia hata pointi moja. Hawa watatu hawahitaji maandishi ya chini (subtitles).

Ngazi inayofuata inahitaji maandishi ya chini, yawashe. Mafundi suti wawili, Whitehouse na Mark Williams, wanampokea mteja dukani na kabla hajachagua kitambaa wanamhoji juu ya mambo yake ya faragha na mwanamke aliyekuwa naye jana usiku, huku wakimrushia "Suit you, sir!" kila anapojaribu kujibu. Adabu ya sauti na uchafu wa maswali ndivyo vinavyogongana, na ukikosa maneno unakosa nusu ya mgongano. Mwaka 2000 mteja wao wa mwisho alikuwa Johnny Depp, aliyekuwa mpenzi wa kipindi hiki kwa muda mrefu, na anacheza kwa nidhamu sana, anawaachia mafundi nafasi yao. Jazz Club ya John Thomson ni utani juu ya vipindi vya muziki vya BBC2 vya miaka ya 1970: studio ya giza, mtangazaji Louis Balfour anayenong'ona sifa kwa wanamuziki wabovu, kisha anageukia kamera na kusema "Nice!" Ukipenda jazi ya kweli utafurahi zaidi, kwa sababu muziki wenyewe umeharibiwa na watu wanaojua unavyotakiwa kuwa.

Ron Manager ni wa wapenzi wa kandanda. Ni kocha mstaafu aliyealikwa studio kuchambua mechi, akaulizwa swali jepesi, akaondoka na kumbukumbu za watoto wanaocheza mtaani na masweta yao yakiwa ndiyo magoli, sentensi haina mwisho, hoja haina kichwa. Aliigwa kwa Alec Stock, kocha wa zamani wa Luton na Fulham. Ukishazoea uchambuzi wa Ligi Kuu ya Uingereza wikendi kwa wikendi, utamwelewa mara moja, kwani wachambuzi wa aina yake bado wapo.

Wa kuacha kwa baadaye ni Arthur Atkinson. Ni mchekeshaji wa jukwaani wa miaka ya 1940, picha ni nyeusi na nyeupe, maneno yake hayana maana yoyote na ukumbi unaanguka kwa vicheko. Anatambulishwa na Tommy Cockles wa Simon Day, mzee anayemkumbuka kwa mapenzi. Bila kujua vichekesho vya majukwaa ya Uingereza ya wakati wa vita, unaona mtu anapayuka. Mimi naona ndiyo sehemu yenye akili nyingi kuliko inavyosifiwa, lakini hainunulishi kipindi kwa mgeni.

Wahusika wa wanawake wanastahili neno lao. Arabella Weir alileta mwanamke anayeuliza kila mahali kama makalio yake yanaonekana makubwa katika nguo aliyovaa, na huyo ndiye aliyepata umaarufu. Mimi namweka juu zaidi yule wake mwingine, mwanamke ambaye wanaume hawamsikii: anatoa wazo kikaoni, kimya, dakika haijapita mwanamume anarudia wazo lile lile kwa maneno yale yale na wenzake wanampongeza. Miaka imepita na hakijazeeka hata kidogo. Aherne naye ana msichana wa kaunta ya supamaketi anayesema kwa sauti kila anachofikiri juu ya bidhaa zilizo kwenye kikapu cha mteja. Kinachekesha kwa sababu Aherne haweki ukali. Anauliza kama mtu mwema mwenye udadisi tu.

Vilivyozeeka vipo. Polisi wanene wenye jasho ni utani wa maumbile ya mwili na hauendi popote. Colin Hunt, mcheshi wa ofisini anayechosha wenzake, anachosha pia mtazamaji, na nadhani waandishi walipima vibaya umbali kati ya kumwonyesha msumbufu na kusumbua. Baadhi ya maswali ya wale mafundi leo yanakaa vibaya masikioni. Na kipindi kizima si cha watoto: matusi madogo, pombe na mambo ya chumbani vimo kila sehemu, kwa hiyo usikiweke sebuleni wakati familia inakula.

Kiasi cha kutazama nacho kina kanuni. Sehemu ni ya nusu saa. Tazama moja, au mbili ukizidisha, kisha pumzika mpaka siku nyingine. Vibwagizo viliandikwa vikae wiki nzima kati ya kurudi na kurudi, na ukimeza msimu mzima usiku mmoja, hatua ya pili inageuka kero kabla hujafika ya tatu. Usikate tamaa kabla ya sehemu tatu za mwanzo. Katika ile ya kwanza humjui mtu, na msimu wa 1994 wenyewe bado unapapasa, una wahusika waliojaribiwa na kuachwa. Msimu wa 1996 ndio wenye kasi na wingi wa mapigo. Wa 1997 ndio wenye kina, na ndio ninaourudia.

Sasa kununua. Ukiwa Uingereza, BBC iPlayer ndiyo njia ya kuangalia kwanza, ila inafanya kazi ndani ya nchi hiyo tu na inadai uwe na leseni ya televisheni. Kwingine, njia ya uhakika ni DVD za BBC, na hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Diski za Uingereza zimefungwa kwa eneo la 2, yaani namba ya sehemu ya dunia ambayo deki zake zinaruhusiwa kuzisoma. Afrika Mashariki yote, pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, iko eneo la 5. Afrika Kusini na Misri ziko eneo la 2. Deki iliyofungwa kwa eneo la 5 itaikataa diski kwa ujumbe kwenye skrini, na muuzaji atakuambia diski ni mbovu wakati si mbovu. Kabla ya kuagiza, tafuta kwenye boksi au kitabu cha deki alama ya maeneo yote. Nyingi za bei nafuu zinayo. Walioko Oman na Ghuba wako eneo la 2, hawana shida. Walioko Marekani na Kanada wana vikwazo viwili, kwa kuwa wako eneo la 1 na mfumo wao wa picha ni NTSC, wakati diski ni za PAL. Wanahitaji deki inayosoma vyote viwili. Kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, PAL ndio mfumo wetu wa zamani, picha haina tatizo.

Ukitumia kompyuta, kuwa makini: kisomeo cha diski kinaruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, na mara ya tano ndiyo inabaki milele. Usibadilishebadilishe kwa majaribio. Programu ya VLC huzisoma diski hizi kwenye kompyuta nyingi bila kugusa mpangilio huo, jaribu hiyo kwanza.

Kwenye televisheni, zima ule mpangilio unaovuta picha ijaze skrini. Misimu ya miaka ya 1990 ilipigwa kwa umbo la 4:3, na ukiivuta, nyuso zinapanuka na Whitehouse, ambaye nusu ya kazi yake iko machoni, anaharibika. Kwenye rimoti chagua 4:3, acha mistari myeusi pembeni. Kwenye kava hakikisha kuna maandishi ya chini ya Kiingereza. Bila hayo mafundi na Ron Manager watakupita.

Baada ya misimu mitatu na zile sehemu za 2000, kinachofuata ni Ted & Ralph ya 1998, kipindi kirefu cha hao wawili peke yao. Kitazame baada ya msimu wa 1997, kamwe si kabla, kwa sababu kinachukulia kwamba unajua walichokwisha kupitia. Ni cha taratibu, na kinasimama imara. Kipindi cha Swiss Toni cha 2003 sikipendekezi kununuliwa. Muuza magari huyo wa Higson, mwenye nywele zilizosimama na mazoea ya kufananisha kila kazi na kufanya mapenzi na mwanamke mrembo, ni hodari kwa dakika moja. Akipewa nusu saa anahitaji kisa, na kumtafutia kisa ndiko kunakompunguzia nguvu. Kwa pesa hizo hizo, rudia 1997.